Pima maji mikononi mwa Freemason

Mabibi na mabwana, karibuni. Likitajwa jina la chama cha Freemason, wengi wetu huwaza damu na utajiri wa ghafla. Leo naomba tuangalie alama zenyewe: bikari, ya kuchorea duara, na guni, la kupimia pembe mraba. Hivyo ni vyombo vya fundi mwashi.

Waliounda Baraza Kuu lao London mwaka 1717 walizichukua mila za waashi wa mawe wa Ulaya. Hati ya kale ya waashi hao, yenye umri wa miaka 600 hivi, inadai kwamba Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki wa kale, ndiye aliyefundisha ufundi wao kule Misri, akiuita jiometria. Katiba ya Freemason iliyochapishwa mwaka 1723 ina picha mwanzoni, na ndani yake umechorwa ule mchoro wa Euclid wa 47: pembetatu yenye pembe mraba. Mafundi wetu wanaujua bila kitabu. Wakipima msingi wa nyumba hunyoosha kamba tatu kwa nne, na mshazari ukitoka tano, kona imekaa sawa.

Basi kila chombo kikapewa fundisho. Guni ni uadilifu: tendo lako lisipinde. Timazi, ya kupimia wima, ni unyofu. Bikari huzuia tamaa isivuke mpaka wake. Na pima maji, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote, husema kwamba binadamu wote wako sawa.

Je, waliokiapia chombo hicho walikifuata? Mwaka 1775, huko Boston, Prince Hall na wenzake 14, watu weusi walio huru, waliingizwa katika chama na tawi la wanajeshi wa Uingereza. Wazungu wa matawi ya Boston hawakuwapokea kama ndugu. Hall hakunyamaza. Mwaka 1777 alitia sahihi ombi kwa bunge la Massachusetts la kukomesha utumwa, na mwaka 1784 Baraza Kuu la London likampa hati ya tawi lake. Mimi namwona huyu kuwa mwanafunzi bora wa jiometria yao, kwa sababu aliichukua pima maji akaiweka juu ya chama chenyewe.

Baada ya mwaka 1813 London ililifuta tawi hilo katika orodha yake. Baraza Kuu la Prince Hall la Massachusetts, lililotokana na tawi hilo, lilikuja kutambuliwa na London mwaka 1994.

Sasa nipeni maswali yenu.