Mtoto wa Bulsara wa Mji Mkongwe

Haya jamani, wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Leo ni zamu ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya rock ya Queen ya Uingereza, na najua nusu yenu mmekuja kwa sababu mmesikia kazaliwa Unguja, sawa tu, karibuni.

Ni kweli. Tarehe 5 Septemba 1946, Mji Mkongwe, kazaliwa mtoto anaitwa Farrokh Bulsara. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia wa serikali ya kikoloni kule mahakamani, mama yake Jer, wote Waparsi wenye asili ya Gujarat, India, dini yao ya Zoroasta, ile ya kale ya Uajemi. Kufika miaka minane hivi mtoto kapandishwa meli kwenda shule ya bweni Panchgani, India, yani bahari yote ile iko kati yake na mamake, na huko ndo wenzake wakaanza kumwita Freddie na akiwa na miaka 12 tayari ana kibendi cha shule, anapiga piano. 1963 karudi kisiwani, hajakaa sana, Januari 1964 Mapinduzi hayo, familia ikaondoka mpaka Feltham, pembeni ya London. Ana miaka 17.

Sasa nyie mnaotaka umaarufu wa wiki moja, skilizeni. Huyu bwana kasoma usanifu wa grafiki chuo cha Ealing, kauza nguo Kensington Market na Roger Taylor, kahangaika na mizigo uwanja wa ndege Heathrow. Kulikuwa na bendi inaitwa Smile, ya Roger na Brian May, yeye alikuwa mshabiki tu anawapa ushauri ambao hakuna aliyemuomba, mpaka 1970 mwimbaji wao kaondoka ndo kaingia. Bendi ikawa Queen, jina katoa yeye, nembo kachora yeye, na Mercury kajipa mwenyewe!

Halafu meno. Alikuwa na meno manne ya ziada kwa nyuma, yakasukuma ya mbele yakachomoza, alikuwa anaona haya hata kucheka anaziba mdomo, ila kuyang'oa hataki, anaogopa sauti itabadilika. Mimi hilo ndo linaniambia alikuwa mtu gani kuliko makoti yote ya kung'aa.

Wimbo wao wa Bohemian Rhapsody wa 1975 mnaujua, karibu dakika sita, haina kiitikio, katikati imegeuka opera na humo humo kuna Bismillah, watu wa biashara wakasema redio hazitaipiga, ikakaa namba moja Uingereza wiki tisa.

Lakini mimi mkinipa video moja tu nichague ni uwanja wa Wembley, London, 13 Julai 1985, Live Aid, tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia. Dakika 20 na kitu, watu kama elfu 72, mchana kweupe, hana taa za kumbeba, hana moshi. Kufika mahali kaacha kuimba nyimbo, anatoa sauti tu, uwanja unamrudishia, anapandisha, wanapandisha, anaivuta ndefu mpaka unajiuliza huyu anapumulia wapi. Kwetu hii si ngeni, kwenye ngoma kuna wa kuanzisha na wa kuitikia, ila sisemi kaitoa Unguja maana ushahidi sina na nyie mnapenda sana kuninukuu vibaya.

Kafariki 24 Novemba 1991, ana miaka 45, siku moja baada ya kutangaza kwamba ana UKIMWI. Kisiwani mambo yakawa nusu nusu, 2006 ilipangwa sherehe ya ufukweni ya kutimiza miaka 60 tangu azaliwe, kikundi cha dini kikapinga, haikufanyika, kisha 2019 kumefunguliwa makumbusho yake pale Shangani, watalii wanajipiga picha mlangoni.

Kabla ya maswali tujaribu ile ya Wembley. Mimi naanza, nyie mnaitikia. Eeeee-oh!

…Ah. Wa nyuma si niliwaambia msogee?