Kusimama nyuma ya mdakaji: uamuzi wa besiboli na softboli za watoto

Kamwene Iringa! Mugonile Mbeya! Njombe msininunie, nanyi nawaona. Leo nipo pembeni ya uwanja wa watoto huku Marekani, na video hii ni ya mwalimu wa michezo aliyepewa filimbi na kuambiwa "wewe ndiye mwamuzi". Filimbi yenyewe iache nyumbani kwanza. Huku tunatumia sauti na mikono.

Tuanze na uwanja. Nenda kwenye uwanja wa mpira wa shule ukiwa na kamba, upime ule mstari mrefu wa boksi dogo la golikipa. Utapata mita 18.3, yaani futi 60, na huo ndio umbali wa besi hadi besi, yaani vile vituo vinne vya kwenye kona za mraba anavyopitia mkimbiaji, kwa watoto wa miaka 12 kushuka. Halafu pima kukatiza, kutoka besi ya nyumbani, anaposimama mpigaji, hadi besi ya pili: itoke karibu mita 25.9. Isipotoka, mraba wako umepinda, na mistari ya pembeni imepinda nao, mtabishana mchana kutwa. Mtupaji wa besiboli asimame mita 14 kutoka nyumbani. Wa softboli, anayerusha mkono ukitokea chini, mita 12.2.

Sasa kuna neno litakalokusumbua: faulo. Kwenye soka ni kosa. Huku ni mpira uliopigwa ukaenda nje ya mistari, hakuna aliyekosea. Mstari wenyewe ni ndani. Tena tazama mpira ulipo, usitazame miguu ya aliyeugusa. Mpira ukiwa nje, nyanyua mikono yote miwili upaze sauti. Ukiwa ndani, nyoosha kidole kuelekea uwanjani na ufunge mdomo, kwa sababu wakimbiaji wakisikia sauti yoyote wanasimama wakidhani ni faulo.

Kazi kubwa iko hapa nyuma ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mitupo. Usisimame katikati ya mgongo wake, hutaona kitu. Kaa kwenye upenyo ulio kati yake na mpigaji. Mguu wa upande wa mpigaji utangulie, ule mwingine urudi nyuma kidogo, upana uzidi mabega. Shuka mpaka kidevu chako kilingane na utosi wa kofia ya mdakaji. Hapo besi yote ya nyumbani unaiona. Mdakaji akisogea akakuziba, inuka kidogo, uchungulie kwa juu yake. Ukihamia upande wa pili, kona ya nje utaiona vizuri lakini ya ndani utakuwa unabahatisha. Na barakoa ya chuma, kinga ya kifua na ya miguu usivikose. Watoto wanaodaka wanakosa mipira mingi, na mingi inakuja kwako.

Straiki ni mpira unaopita juu ya besi hiyo, upana sentimita 43, kati ya kwapa na juu ya magoti ya mpigaji. Ukigusa ukingo tu inatosha. Wengi wanakosea kwa sababu wanaamua kwa kutazama glavu. Mtupo wa mtoto ni wa polepole na unashuka: unaweza kupita magotini, straiki safi, kisha ukadakwa karibu na ardhi. Amua pale ulipokatiza besi. Kichwa kitulie, macho ndiyo yaufuate mpira hadi kwenye glavu, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo useme. Straiki unainuka na mkono wa kulia unatoka. Boli, yaani mtupo usio straiki ambao mpigaji hakuupiga, unaitamka ukiwa bado umeinama, bila mkono.

Tazama hiki kidude mkononi mwangu. Kinashikwa kushoto, vigurudumu vyake vinahesabu boli, straiki na auti, yaani wachezaji waliotolewa. Kama hamna, weka punje za mahindi mfukoni, uhamishe moja moja. Ukitangaza, boli hutangulia: "tatu, mbili". Na kumbuka, mwenye straiki mbili akipiga faulo ya kawaida, hesabu haisogei.

Mwamuzi wa besi ya kwanza yeye akae kama mita tano kutoka besi, macho yake yaikate njia ya mpira unaorushwa kwa pembe mraba. Macho kwenye besi na mguu, masikio kwenye glavu. Halafu subiri! Ukisema auti mapema, mpira ukamdondoka mlinzi wa besi, utakuwa umeshaharibu.

Kitu kingine ni hewa yenu nyepesi. Mbeya mjini mko kwenye mita 1,700 hivi, juu kuliko Denver, mji maarufu huku kwa mipira kuruka mbali. Kwa hiyo mpira wa juu usiuamulie mapema; ufuatilie mpaka utue au udakwe.

Mwisho ni vumbi. Agosti, kwa upepo ule, besi ya nyumbani itafunikwa kila mara, na usipoiona kona zake huna straiki. Kwanza ita taimu, yaani simamisha mchezo, mikono juu, maana ukiinama mchezo ukiwa unaendelea, mtu ataiba besi, yaani atakimbilia besi inayofuata, juu ya mgongo wako. Kisha zunguka mbele ya besi, mpe mgongo mtupaji, uso uelekee jukwaani, ndipo uiname na brashi. Nyuma yako iwaelekee wachezaji, wazee waliokaa jukwaani wasije wakasema umewadharau.