Kuibishia Hodi Kerneli: Namna ya Kujaribu Vikatizo bila Kuua Laptopu

Assalaam alaykum, karibuni tena. Niko ghorofani hapa Michenzani, na hilo vuuu mnalolisikia ni feni, si spika zenu.

Leo tunaibishia hodi kerneli, ile programu ya ndani kabisa inayoiendesha kompyuta. Kikatizo ndiyo hodi yenyewe: kibodi au saa inamgongea prosesa, naye anaacha alichokuwa akikifanya, anakwenda kusikiliza, kisha anarudi palepale. Tunafanyia ndani ya QEMU, kompyuta ya kuigiza. Msijaribu kwenye mashine halisi, hasa ya kuazima. Kerneli ikipotea njia inaweza kumwaga takataka kwenye diski, na shemeji hatakuelewa.

Kuiweka QEMU mnajua, napita. Amri ni hii:

qemu-system-i386 -kernel kerneli.bin -d int -D logi.txt -no-reboot -no-shutdown -monitor stdio

Hizo mbili za "no" msiziache. Bila hizo, kerneli ikianguka mashine inajiwasha upya, mara nyingine na nyingine, nawe huoni kilichoiua. Ukiziweka inaganda, unaikagua taratibu. KVM, ile njia ya kumtumia prosesa halisi moja kwa moja, pia msiwashe, logi haitaandika kitu.

Kila kikatizo kina namba yake, na vya vifaa mimi nimevihamishia namba 32 kwenda mbele. Kompyuta ikiwaka, chipu ya 8259, bawabu anayepeleka hodi za vifaa kwa prosesa, inaanza na 8, na 8 kwa prosesa ni kosa juu ya kosa. Saa inalia tu, wewe unadhani kerneli imekufa.

Haya, kwenye monita ya QEMU, palepale mlipoandika amri, andikeni sendkey a. Hapo QEMU inajifanya kidole: hodi inatoka kwenye kibodi ya kuigiza, inapita 8259, inamfikia prosesa. Tufungue logi... ah, jua hili la dirishani, hamwoni kitu. Ngoja nishushe pazia. Sasa. v ni namba ya kikatizo. Hizo v=20 zinazomiminika ni saa, ziacheni. Tafuteni v=21. Hiyo ni heksa, yaani 33. Na ziko mbili! Moja ya kubonyeza, moja ya kuachia: kibodi inaleta namba 1E, halafu 9E.

Pembeni pameandikwa i=0. Hodi imetoka nje kweli. Mkiona i=1, mmejibishia wenyewe kwa amri ya int.

Na hapa ndipo nilipolizwa, kwa hiyo nisikilizeni. Nilitaka kumjaribu mpokezi, yaani kodi inayoitikia hodi, wa kosa la ukurasa, namba 14: prosesa anapogusa anwani ya kumbukumbu isiyo na ukurasa. Nikaandika int 14. Msiandike int 14! Kosa la kweli likitokea, prosesa anasukuma namba ya kosa kwenye staki, baiti 4, na mpokezi wangu anaziondoa kabla ya iret, amri ya kurudi palepale. Int haisukumi namba hiyo. Kwa hiyo mpokezi akaondoa anwani ya kurudia, iret ikachukua 8 ya CS, rejista inayoonyesha sehemu ya kodi, ikaifanya anwani, na bendera za prosesa zikawa CS. Kosa 13, la kuvunja ulinzi, papo hapo. Usiku mzima nilikuwa nalaumu kompaila, maskini, haina hatia. Mkitaka 14, washeni kurasa kisha msome anwani isiyo na ukurasa. Prosesa mwenyewe atalalamika, na staki itakuwa sawa. Int 14, hapana. Nshasema.

Eh! Umeme umekatika. Hicho nacho kikatizo, na mpokezi wake simjui. Betri ipo, twende mbio.

Mpokezi akimaliza, aiambie 8259 "mgeni kashaondoka": andika 20 kwenye poti 20, zote za heksa. Nimeufuta mstari huo kusudi, tazameni. Sendkey a: imepokewa. Sendkey b: kimya. Lakini saa inaendelea, kwa sababu iko juu ya kibodi kwa cheo, na hilo ndilo linalowapoteza wengi, wakaona kerneli ni nzima. Andikeni info pic: isr=02, yaani hodi ambazo 8259 inaona bado zinahudumiwa; bado inamngoja mgeni wa kibodi atoke. Ukijaribu kwa int 33 hutaligundua hili kamwe, maana int haipiti kwenye 8259 hata kidogo. Naurudisha mstari... b imefika. Msisahau pia kuisoma poti 60 ya heksa, kibodi haileti herufi nyingine mpaka uichukue ile ya kwanza.

La mwisho, kwa raha zangu: andikeni nmi, kikatizo kisichozuilika. Hodi hii cli, amri ya kuzima vikatizo, haiizuii, inaingia tu kama shangazi. Itokee v=02... imetokea, lakini chini yake v=0d, yaani 13. Lo! Namba 2 sijaiwekea mpokezi, nafasi iko tupu, ndiyo maana 13 amemdaka. Angalau 13 yuko kazini. Betri asilimia 9, nakwenda kununua urojo, namba 2 nitaiandika umeme ukirudi.