Kabla ya Live Aid kulikuwa na Mo Amin

Habari zenu huko nyumbani, Nairobi, Dar, Mombasa, popote mlipo. Leo niko Wembley, London. Uwanja wa zamani walishaubomoa wakajenga huu, lakini ni hapa ambapo Julai 13, 1985 walifanya Live Aid, tamasha la kuwachangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Huku ukiuliza mambo yale yalianzaje, utatajiwa Bob Geldof, mwanamuziki wa Ireland, utatajiwa BBC. Mimi nataka tumtaje Mohamed Amin, yaani Mo, mpigapicha mzaliwa wa Nairobi.

Mo alikulia Tanganyika, na kampuni yake ya picha, Camerapix, aliianzishia Dar es Salaam mwaka 1963, bado kijana mbichi kabisa. Kufikia 1984 alikuwa mzoefu wa vita na mapinduzi.

Mwaka huo serikali ya Mengistu, mtawala wa Ethiopia, ilitoka kusherehekea miaka 10 ya mapinduzi yake, na habari za njaa ya kaskazini haikutaka zivuje. Mo alijuana na watu Addis. Alihangaika mpaka vibali vikatoka, akaingia Korem, mji wa kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Jamani, itazameni ile taarifa bila haraka. Kunapambazuka, baridi ya milimani, watu wamejaa uwanda mzima wakiwa wamejifunika mashuka. Kamera haina pupa. Inatua kwenye uso, inakaa. Kuna mama na kichanga chake, wameviringishwa pamoja, wote wamekufa. Buerk anasema machache tu, na kwa hilo namheshimu sana.

Taarifa ilirushwa Oktoba 23, ikasambaa kwenye vituo zaidi ya 400 duniani. Geldof naye aliiona kwenye runinga, wakakusanyika wasanii wakaimba wimbo wa kuchangisha fedha, wakiuliza kama watu wale wanajua ni Krismasi. Ethiopia, nchi yenye Ukristo tangu karne ya 4! Hilo linaniuma hadi leo, ingawa fedha zilizopatikana zililisha watu.

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis. John Mathai, fundi wake wa sauti, aliuawa. Mo akakatwa mkono wa kushoto. Aliwekewa wa bandia, akarudi kazini. Novemba 23, 1996 alikuwa kwenye ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ikaangukia baharini, Comoro. Hakupona.

Sasa ombi langu: kama una mzee nyumbani aliyefanya kazi na Mo, au aliyemwona akipiga picha, mrekodi kwa simu yako wiki hii, halafu niandikie hapo chini.