Mnunuzi Mmoja: Uchumi wa Timor Mashariki Baada ya Kutwaliwa na Suharto

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie nchi inapotwaliwa na dikteta, na madhara ya kiuchumi yanayobaki hata dikteta mwenyewe akishaondoka. Mifano imejaa duniani. Nimechagua nchi moja ndogo, Timor Mashariki, nusu ya mashariki ya kisiwa cha Timor huko Asia ya Kusini-Mashariki, na humo nitakaa zaidi kwenye kahawa.

Wakulima wa Kenya mliomo humu mnaijua Timor bila kujijua. Ruiru 11, kahawa inayostahimili chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, na kutu ya majani, ina asili ya mbuni uliogunduliwa Timor miaka ya 1920, aina mbili za kahawa, arabika na robusta, zilizochavushana zenyewe shambani. Mbegu hiyo imeokoa mashamba ya watu wengi. Watu wa kule ilikotoka ndio walioambulia kidogo.

Historia niipitie haraka. Timor Mashariki ilikuwa koloni la Ureno. Desemba 7, 1975 majeshi ya Indonesia yaliingia Dili, mji mkuu, na Julai 1976 Jenerali Suharto, rais wa Indonesia, akaifanya Timor jimbo la 27. Ikakaa hivyo hadi kura ya maoni ya Agosti 30, 1999, ambapo asilimia 78.5 walikataa kubaki Indonesia. Tume ya ukweli ya nchi hiyo ilikadiria kwamba mgogoro ule uliua watu wasiopungua 102,800, na wengi wao waliuawa na njaa na maradhi. Tuanzie kwenye hiyo njaa.

Wapiganaji wa kudai uhuru walikuwa milimani, kwa hiyo jeshi likawashusha wanavijiji, likawaweka kambini, baadaye kwenye vijiji vipya kandokando ya barabara ambako ni rahisi kuwahesabu. Mtu aliacha mahindi shambani, akaacha nyati. Na nyati kule ni kila kitu: ndiye anayekanyaga tope la jaruba la mpunga kabla ya kupanda, ndiye mahari, ndiye akiba ya siku mbaya. Kambini hakuna jaruba. Waliosalimika wakajikuta wanalima ardhi ya ukoo wa watu wengine, na wengine hawakurudi kwao tena. Kiwanja kimoja kikawa na mwenye hati ya Mreno, mwenye hati ya Mwindonesia, na ukoo unaodai ni pa mababu. Sheria ya kuamua nani ni nani ilipitishwa mwaka 2017, miaka 15 baada ya uhuru. Sasa niambieni, benki gani itapokea dhamana ya namna hiyo?

Turudi kwenye kahawa. Wilaya ya Ermera ndiko inakostawi, chini ya miti mirefu ya kivuli. Baada ya kutwaliwa, biashara yote iliwekwa mikononi mwa kampuni moja iliyohusishwa na majenerali, PT Denok. Yeye ndiye mnunuzi, ndiye mpanga bei, na nyuma yake kuna bunduki. Wazee wa Kagera watanielewa hapa, ila wao bei ikiwa mbaya walikuwa na njia ya usiku kuvukia Uganda. Mkulima wa Ermera angevuka kwenda wapi? Upande wa pili wa kisiwa ni Indonesia hiyohiyo, kwingine ni bahari.

Basi akafanya alichoweza: akaacha kuhangaika. Bei ikiwa haitoshi hata kulipia vibarua, nani atapogoa? Nani atapalilia, au ang'oe mbuni mzee apande mchanga? Mibuni ikaachwa ikarefuka ovyo, matawi yenye kuzaa yakapanda juu, mavuno ya shina yakapungua mwaka hadi mwaka. Ukiritimba ulianza kuvunjika mwaka 1994, chama cha ushirika kilichosaidiwa na Wamarekani kiliporuhusiwa kununua na kuuza nje, na bei ya mkulima ikapanda. Lakini mti uliozeeka hausikii habari za bei mpya.

Najua kuna atakayeniuliza kuhusu barabara na shule. Ni kweli, Indonesia ilijenga, tena kuliko Ureno iliyokaa karne nyingi. Mimi huuliza nani alifundishwa kuziendesha. Walimu wengi wa sekondari, madaktari, wahandisi na wakubwa wa ofisi walitoka visiwa vingine, na mwaka 1999 waliondoka karibu wote. Jeshi na wanamgambo wake wakachoma majengo wakati wa kuondoka. Majengo huweza kujengwa kwa misaada. Karani anayejua kufunga hesabu za wizara humpati kwa msaada wa miezi sita.

Bahari nayo ilitiwa saini bila wenyewe. Desemba 1989 mawaziri wa mambo ya nje wa Australia na Indonesia walisaini mkataba wa kugawana mafuta ya Bahari ya Timor wakiwa ndani ya ndege juu ya bahari hiyohiyo, shampeni mkononi. Ureno ikaishtaki Australia, na mwaka 1995 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema haiwezi kuamua kwa kuwa Indonesia haimo kesini. Timor iliyojitawala Mei 2002 ilihangaika na Australia juu ya mpaka wa bahari hiyo hadi mkataba wa Machi 2018. Suharto alikuwa ameshakufa miaka kumi.

Fedha za mafuta zipo. Mfuko wa Petroli ulioanzishwa 2005 una mabilioni ya dola, na ndio unaobeba sehemu kubwa ya bajeti. Lakini kisima kikuu, Bayu-Undan, kimekauka, na uwanja wa Greater Sunrise, uliogunduliwa 1974 kabla hata ya uvamizi, haujatoa gesi hadi leo.

Kwa hiyo macho yanarudi Ermera, maana kahawa ndiyo mauzo makubwa ya nje ukiondoa mafuta. Dawa inajulikana: mbuni mzee ukatwe karibu na ardhi, uchipue upya. Ukiukata, unakaa miaka miwili au zaidi bila mavuno ya maana. Kwa kaya isiyo na nyati, isiyo na hati ya shamba, isiyokopesheka, miaka hiyo miwili nani anailipia? Mwenyekiti, nipokee maswali.