Meli ya moshi ukutani

Ndugu zangu, nitalirudia hili mpaka mnichoke: sahani yenye picha ya meli ya moshi, igeuzeni kwanza. Nyuma kuna ule ukingo wa duara unaokalia meza. Ukiuona umetobolewa, ujue ulipitishwa uzi, sahani ikatundikwa. Kisha tazama uso wake. Mikwaruzo katikati, hiyo ililiwa chakula. Hakuna mikwaruzo, ilikuwa ya kuonwa.

Hapa Kampala kila mwenye sahani hushikilia kwamba meli yake ni William Mackinnon, ile iliyoshushwa ziwani Kisumu mwaka 1900. Jamani! Picha hizi hazikuchorwa moja moja. Mchoro ulichongwa kwenye bamba la shaba. Bamba likapashwa moto, rangi yenye mafuta ikashindiliwa kwenye michongo, ya juu ikafutwa. Karatasi nyembamba, mbichi kwa maji ya sabuni, ikagandamizwa hapo, halafu ikabandikwa kwenye sahani iliyokwisha kuchomwa tanurini mara moja, ikasuguliwa kwa brashi ngumu, ikatolewa kwa maji. Rangi isipofutwa sawasawa, moshi huenea mpaka kwenye milingoti. Karatasi ikikunjamana, meli hukatika vipande viwili, na watu huanza kusimulia ajali! Bamba moja lilitoa sahani chungu nzima, na mchongaji wa Ulaya hakuwa na haja ya kuliona ziwa letu.

Mtasema, basi haina maana. Ina maana kubwa. Pwani biashara ilikwenda kwa pepo: kaskazi ilileta majahazi, kusi ikayarudisha. Mwaka 1872 kampuni ya Mackinnon mwenyewe, yule tajiri Mskoti wa meli aliyepewa heshima ya jina la meli yetu, ilianza kupeleka meli za barua Zanzibar, nazo hazikungoja upepo. Aliyeitundika picha hiyo sebuleni alimwonyesha mgeni kwamba nyumba hii haisubiri msimu. Pambo tu? Nani atatia kekee kwenye sahani nzima, na hatari yote ya kupasuka, kwa ajili ya kujaza ukuta tu?

Bara kuna habari yake. Reli ilifika Kisumu 1901, mizigo ikavushwa kwa meli hadi Entebbe. Hilo linataka siku yake, naonyeshwa saa.

Upesi basi: dhahabu ya ukingoni ilipakwa juu ya mng'ao, yaani ile ngozi ya kioo ya sahani, kwa hiyo steelwire huikwangua yote. Maji ya uvuguvugu na kitambaa laini vinatosha. Na mkitundika, waya mtupu usiguse sahani, uvisheni mpira. Haya, maswali, na asinianze mtu na bei.