Wanayosema Wagonjwa wa Soriasisi Nje ya Mlango wa Daktari

Mhadhara kwa wanafunzi wa tiba, Kisumu

Mwenyekiti, walimu, na ninyi wanafunzi ambao karibuni mtatawanyika Ahero, Bondo, Mumias na Kericho, asanteni kwa kunialika. Mimi ni muuguzi mstaafu. Kwa miaka mingi nilikaa nje ya kliniki ya ngozi nikipokea kadi na kuita majina. Ndani ya chumba mgonjwa husema, "Naendelea vizuri, daktari." Akitoka nje ndipo huyasema mengine. Nimewaletea hayo ya nje.

Nililolisikia kuliko yote ni hili: "Sista, hajanigusa." Mtu amekuja na sweta saa nane mchana, jua la Kisumu linachoma, na daktari hakuuliza sweta ni ya nini. Aliangalia kiwiko akiwa upande wa pili wa meza, akaandika krimu, akaita anayefuata. Mama mmoja muuza samaki alinieleza kwamba wateja wake walikuwa wameacha kupokea chenji mkononi mwake, wanamwomba aiweke mezani. Alipoona daktari naye anamtazama kwa mbali, akaona basi wateja hawana kosa. Wanangu, soriasisi, ugonjwa huu wa ngozi wa mabaka yenye magamba, haiambukizi. Haipiti kwa mkono, kwa taulo, kwa kitanda, wala kwa ziwa la mama. Hayo mnayajua, mmeyajibu kwenye mtihani. Lakini ukiyasema huku umekunja mikono, nani atakuamini? Mwambie avue sweta. Shika lile baka. Angalia kichwani nyuma ya masikio, magoti, kitovu, kucha. Ni dakika mbili tu.

Wengi hufika kwenu wakiwa wameshapewa majina mengine: mashilingi, ukurutu, kaswende, hata ukoma. Nyumbani wengine wameambiwa ni chira, kwamba kuna mwiko umevunjwa, na familia imeanza kuulizana nani alivunja. Kwa hiyo mgonjwa anahitaji maelezo yanayoweza kusimama mbele ya wazee wa boma. Mimi niliwaambia hivi: chembe ya ngozi kwa kawaida huchukua karibu mwezi mmoja kupanda kutoka chini, kufika juu na kupukutika. Kwako kinga ya mwili inaihimiza, inafika kwa siku 3 hadi 5. Ni kama matatu inayozidi kupakia Kondele na hakuna aliyeshuka. Hayo magamba ndiyo msongamano wenyewe. Walielewa, wakaenda wakaeleza nyumbani.

Picha nyingi vitabuni ni za ngozi nyeupe, baka jekundu. Kwa watu wetu baka huwa jeusi, la zambarau au la kijivu, na likitulia huacha doa linaloweza kukaa miezi. Mgonjwa akiona doa husema dawa imeshindwa, akaacha kuja. Mfundisheni apapase kwa ncha ya kidole. Kama pamekuwa laini na hapana magamba, ugonjwa umelala, iliyobaki ni rangi.

Sasa nije kwenye jambo lililonitoa nyumbani. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kilianza kufundisha madaktari wa familia mwaka 2005, lakini wengi wa hawa ninaowazungumzia hawajawahi kumwona hata mmoja. Daktari wa familia wa mtu wa Nyando ni afisa wa kliniki wa zahanati yake. Mtaalamu wa ngozi utamfikia Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu, au Eldoret, baada ya rufaa na nauli na foleni, na ukimfikia mtaonana kwa muda mfupi tu. Siku nyingine zote za mwaka uko mikononi mwa yule wa karibu. Ndiyo maana maneno yake yana uzito kuliko ya bingwa.

Na maneno yanayowaumiza zaidi, mtashangaa, ni yale ya kutia moyo: "Paka hii, itaisha." Haiishi. Inatulia, inarudi, inatulia tena. Kuna watu hukaa miaka bila baka, lakini dawa ya kuing'oa haipo. Sikuwahi kumwona mgonjwa aliyemchukia daktari kwa kumwambia ukweli huo. Niliwaona waliokasirika kwa kuujua wakiwa wamechelewa. Mzee mmoja alisema, "Angeniambia mapema kwamba ni ya maisha, nisingeuza ng'ombe." Alikuwa amemuuza kulipia dawa za mitishamba, kwa sababu kila daktari alimwahidi kupona na hakupona, basi akaona kosa ni la hospitali.

Anayeahidiwa kupona ndiye pia anayekwenda kwa kemisti kudungwa sindano. Ni sindano ya steroidi, au vidonge vya prednisoloni, na mabaka huyeyuka kwa siku chache. Yeye anasifu. Dawa ikikatwa ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa hasira, usaha juu ya ngozi au mwili mzima kuwaka, na hapo ni kulazwa. Mkimkuta amedungwa msimgombeze. Muulizeni alidungwa nini, na lini. Ulizeni pia dawa za presha, maana baadhi yake, kama propranololi, huweza kuichochea soriasisi.

Tyubu nayo. Hapa nitapiga hesabu kidogo. Kiganja kimoja pamoja na vidole ni takriban asilimia 1 ya mwili. Krimu ya kutoka ncha ya kidole hadi pingili ya kwanza ni karibu nusu gramu, nayo inatosha viganja viwili. Mwenye mabaka ya viganja 10 anahitaji gramu 2 na nusu kila anapopaka. Tyubu ya gramu 15 inaisha siku ya 6, hata akipaka mara moja tu kwa siku. Kadi yake inasema arudi baada ya miezi 3! Halafu tunaandika kwenye faili kwamba hafuati maagizo. Kama dawa ni chache, jeli ya kukamulia ng'ombe iko kila duka. Paka ngozi ikiwa bado na unyevu wa maji ya kuoga. Haitibu, lakini hulainisha magamba.

Lipo jambo zito zaidi kwa kaunti hizi za ziwa. Soriasisi inayolipuka ghafla, nyingi na kali, inaweza kuwa dalili ya VVU, na akianza ARV mara nyingi ngozi hupata nafuu. Kipimo ni haki. Ila kijana mmoja aliyeandikiwa kipimo bila neno hata moja alitoka akakaa karibu yangu akitetemeka, akidhani kila anayemwona kiwiko ameshasoma majibu. Hakuwa na virusi. Hakurudi kliniki vilevile. Sema mbele: "Ugonjwa huu wengi huwa nao bila VVU, lakini ukija kwa nguvu namna hii tunapima, kwa sababu matibabu hubadilika." Sentensi moja, kisha upime.

Soriasisi hushambulia viungo pia, ila hapo sitarefusha. Vidole vinavyovimba kama soseji, ugumu wa asubuhi, kisigino kinachouma, kucha zenye vishimo: hiyo si baridi yabisi ya uzee, wala si gauti mpaka mthibitishe. Uliza kila anaporudi. Viungo vikishaharibika havirudi.

Mwisho ni methotrekseti, dawa ya kutuliza soriasisi kali, ambayo bingwa ataianzisha na ninyi mtaiendeleza. Humezwa mara moja kwa wiki. Akiimeza kila siku inaweza kumuua, kwa kuwa huzuia uboho kutengeneza damu. Haifai kwa mjamzito, haipatani na pombe, na damu na ini lazima vipimwe. Msiandike kwenye pakiti "mara moja kwa wiki" mkaishia hapo. Mwulizeni siku anayoikumbuka vizuri. Muuza samaki wangu alichagua Jumapili, siku asiyokwenda sokoni. Andikeni JUMAPILI kwa herufi kubwa, kisha mwambieni awasomee yeye mwenyewe kabla hajatoka.

Maswali, tuanze na wale wa nyuma.